Kibuyu cha Jirani Hakifunguliwi

Wajukuu wangu hufunga mlango kwa kufuli mbili, moja juu na moja chini, na wakifika njiani hurudi kuzivuta tena wahakikishe. Juzi mmoja wao aliniuliza, "Koko, zamani kule kijijini mulikuwa munafunga nyumba na nini?" Nikamwambia tulifunga na fimbo. Akacheka mpaka akakaa chini. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake niliitazama fimbo ile nikajiuliza inamzuia nani, maana hata mbuzi aliivuka.

Kilima chetu kilikuwa Masisi, upande ambao mashamba yanaishia na majani ya ng'ombe yanaanza. Ilikuwa miaka ya arobaini ikielekea hamsini. Nyumba zilikuwa za mianzi na udongo, paa la majani, mlango wa matete yaliyosukwa. Mwenye nyumba akitoka alilaza fimbo mlangoni, na maana yake ni kwamba hakuna mtu, usiingie. Aliyeivuka alikuwa mwizi hata kama alitoka mikono mitupu. Lakini mwizi angeingia angekuta nini? Chungu, mkeka, ngozi ya kulalia, na pengine mimi. Mali yenyewe haikulala kwetu. Ililala kwa jirani.

Jambo hili lilinitesa akili utotoni. Mbegu za maharage ndizo zilikuwa uhai wa mwaka unaofuata. Baada ya mavuno mama alizitia kwenye kibuyu, akachanganya na majivu ili zisiingiwe na dudu, akafunika kwa jani la mgomba, akaziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe mabichi na kugandamiza kidole gumba chake juu. Kidole hicho kilikuwa na kovu la mundu lililokikata katikati, kwa hiyo alama yake ulimwengu mzima haukuwa na nyingine. Zibo likikauka, alikipeleka kibuyu kwa jirani kikatundikwe juu ya meko yake, na jirani akaleta chake kwetu. Kila nyumba ilikuwa na nyumba mwenzake namna hiyo.

Nilimwuliza mama sababu mara nyingi mno, mpaka akawa ananijibu kabla sijamaliza kuuliza. "Nyumba ikiungua, mbegu iko salama kwa wenzako." Baba, ambaye alikuwa mtu wa mzaha, alikuwa na sababu yake. "Nyumba inaungua mara moja kwa miaka kumi," alisema. "Tumbo njo inaungua kila siku. Mbegu ikilala kwako, utaikula." Nilipokua niliona baba alikuwa karibu zaidi na ukweli. Tulikuwa tunalindwa dhidi ya moto, ndiyo, lakini hasa tulikuwa tunalindwa dhidi yetu wenyewe.

Sheria ilikuwa moja: kibuyu cha jirani hakifunguliwi. Hakuna aliyewahi kuniambia atakayekifungua atafanywa nini, na hilo lilinikera kuliko adhabu yoyote. Sheria bila adhabu kwangu ilikuwa kama jipu lisilo na mdomo.

Nyumba mwenzetu ilikuwa ya watu wa ng'ombe, juu kidogo ya kwetu. Mume alichunga, mke aliuza maziwa, na chini ya nyumba yao walikuwa na shamba la maharage lililopakana na letu. Sisi watu wa jembe tulipata kwao maziwa, wao walipata kwetu mtama na ndizi, na kuhusu mbegu, kibuyu chao kilikuwa juu ya meko yetu tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ninaousimulia yule mume alifariki, ghafla, maharage yakiwa ndiyo kwanza yanavunwa. Watu wakaja kwenye matanga kutoka vilima vyote, wakakaa, wakala. Nasi tulikula, nakumbuka sahani yangu. Matanga yalipokwisha, ndugu mkubwa wa marehemu alisimama uani mbele ya watu wote. Ng'ombe, alisema, atawachukua yeye awatunze. Halafu akamgeukia mjane. "Mama, shamba iko yako, hakuna mutu atakunyanganya. Lakini shamba inataka mbegu. Ikilala musimu moja tu bila kupandwa, inarudi kwetu." Alisema kwa upole, tena akamsalimu kila mtu kabla ya kuondoka na ng'ombe. Mjane alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni. Bila shamba lile asingekuwa na sababu ya kukaa kilimani kwetu wala kitu cha kuwalisha.

Siku chache baadaye akaleta kibuyu chake kama miaka yote. Kimezibwa vizuri, kizito. Mama akakipokea kwa mikono miwili, wakatazamana kidogo, mama akanipa nikitundike. Nilipokipandisha kikalia ndani, cha-cha-cha, na mimi nikasimama.

Maharage katika majivu hayalii hivyo. Yanalia kwa sauti nzito, ya uvivu. Haya yalikuwa makavu, yenye makali. Nikasema moyoni, labda ni maharage ya aina nyingine. Labda ni karanga. Labda ameficha shanga. Kwa wiki mbili nilikuwa kila nikipita nakigusa kile kibuyu kwa jani la mgomba ili kisikie tu kwamba nipo. Mama akanikamata. "Unatafuta nini pale?"

"Mama, hii kibuyu iko na nini ndani?"

"Iko na mambo ya wenyewe."

Mama hakujua, ama alijua sana, kwamba jibu la namna hiyo kwa mtoto kama mimi ni sawa na kumwambia afungue.

Jumapili moja wote wa nyumbani kwetu walikwenda kusali, mimi nikaachwa nilinde mtama uliokuwa unakaushwa uani, kuku wasiule. Wimbo wa kwanza uliposikika kutoka bondeni, nilikishusha kibuyu. Nikabandua zibo taratibu, nikainua jani la mgomba, nikatumbukiza mkono. Kwanza yalikuja majivu, laini, kama kawaida. Halafu vidole vikagusa kitu kigumu chenye kona. Nikatoa gao moja, kiganja kimejaa, kwenye mwanga. Makoro. Mawe meusi yenye matundu, yale ya moto wa mlima, yamechaguliwa moja moja yenye ukubwa wa maharage.

Kilima chetu hakikuwa na mawe ya namna ile. Makoro yapo chini, njia ya Mubambiro, mwendo wa asubuhi nzima. Nikakumbuka kwamba mjane alikuwa ameshuka huko baada ya matanga, akasema amekwenda kuuza mikeka. Alikuwa amekwenda kutafuta mawe mepesi, mawe yenye uzito wa maharage, ili mama yangu akikipokea kibuyu mikono yake isishtuke. Matanga yalikuwa yamekula mbegu yote. Na mtu asiye na kibuyu cha kupeleka kwa jirani angejulikana siku hiyo hiyo kwamba hana mbegu, na shemeji yake angejua wa kwanza.

Niliketi pale na mawe mkononi, kuku wakala mtama watakavyo. Nilikuwa naona haya, lakini nikisema ukweli, kabla ya haya nilisikia furaha, ile furaha mbaya ya aliyekuwa akibahatisha akapatia. Halafu mtoto wa mjane akalia huko juu, furaha ikaniisha. Nikarudisha mawe, nikarudisha majivu, nikaokota mavi mabichi njiani, nikaziba na kugandamiza kidole gumba changu. Nikakitundika. Mama aliporudi alinipiga kwa sababu ya mtama, na nilishukuru kupigwa kwa kosa lingine.

Tangu hapo nilikuwa na siri nisiyoweza kuitoa. Kumwambia mama kwamba jirani hana mbegu ilikuwa ni kumwambia nimefungua. Nikaanza kwenda kwa mjane kila siku, kusaidia, nilisema, kumbe kuchungulia. Nyumbani kwake walikula matembele asubuhi na matembele jioni. Na juu ya meko, palepale chungu kilipochemkia majani, kilining'inia kibuyu chetu, kimejaa maharage hadi shingoni, kidole cha mama juu yake. Mtoto mkubwa alikuwa akila huku akikitazama. Mimi nilikuwa siwezi kukitazama.

"Dada mudogo," mjane aliniambia siku moja, "mama anasema mvua iko karibu?"

"Anasema mwezi hii inayokuja."

"Kaka yangu wa Buleusa aliahidi kunitembelea mbele ya mvua." Akatazama njia. "Atakuja na muzigo."

Hakusema mzigo wa nini, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo. Chungu cha jioni kilianza kupungua maharage. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Halafu baba akachovya ugali, akazungusha mchuzi, akasema, "Leo maharagi iko inaogelea. Kesho tutaitafuta na mutumbwi." Mama akajibu kwamba msimu ni mrefu na tumbo lizoee. Viazi vitamu vikaongezeka, viazi mviringo vikaongezeka. Nilinung'unika kwa sauti, maana nilikuwa mnung'unikaji hodari, na mama akanitazama kwa muda mrefu kuliko manung'uniko yangu yalivyostahili.

Sasa kuhusu panya. Nyumba ya majani ina panya, hilo halina aibu. Kila chombo chetu chenye nafaka kilikuwa na alama ya meno mdomoni, na mama kila baada ya siku chache alikuwa akiziba upya palipogugunwa. Lakini kibuyu cha mjane kilikuwa safi. Zibo langu lilikaa pale wiki baada ya wiki bila hata jino moja. Nilikuwa nikiliona nikijiambia, panya wana akili kuliko sisi, hawahitaji kufungua.

Basi asubuhi moja nikiwa nawasha moto niliinua macho, nikaona ukingo wa zibo la mjane umegugunwa. Alama za meno, mbichi, na unga wa mavi makavu umedondoka juu ya jiwe la meko. Nilisahau moto. Tangu lini panya anakula mawe?

Nikapanda juu ya kinu nikatazama kwa karibu. Zibo lile halikuwa langu. Nililoweka mimi lilikuwa na kidole kidogo. Hili lilikuwa na kidole kikubwa, na katikati yake mstari wa kovu la mundu.

Ndipo vyote vikaja pamoja: chungu chepesi, maharage yanayoogelea, mama anayeniangalia. Alikuwa akiweka gao moja pembeni kila siku alipopika, mpaka yakatosha kujaza kibuyu mahali pa mawe. Nikashuka kwenye kinu, nikamkuta amesimama nyuma yangu na kuni mkononi.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Kidole yako iko kidogo sana kwa kazi ya wizi," akasema. Kumbe alijua tangu Jumapili ile ile.

"Na weye ulijuaje kama ni mawe?"

"Panya." Akaweka kuni chini. "Wiki tatu panya hawakugusa kibuyu ya muntu. Mi nikasema, hii mbegu ya namna gani?" Kisha nilimwona ana haya kama mimi. "Hata mi nilifungua. Mama yangu hakunifundisha vile."

Nikataka kukimbia papo hapo kwenda kumwambia mjane. Mama akanishika mkono. "Hapana. Ukimwambia mutu kama ulimuona pahali alijificha, umemuvua nguo. Siku ya kupanda atakuja kuchukua kibuyu yake, atafungua, atakuta mbegu. Basi." Nilimwona mama ana hekima, nikatii. Ila kuna jambo ambalo mama hakulifikiria. Yeye alikuwa mtu wa kukaa, hakufikiria kwamba mtu anaweza kuondoka.

Mvua ikaja. Kaka wa Buleusa hakuja. Wanawake wa kilima walikuwa wakipanda pamoja, leo shamba hili kesho lile, na siku ya shamba la mjane ikatajwa. Siku hiyo kulipopambazuka tulisikia mtu uani. Ni yeye, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, mkeka umekunjwa kichwani. Na mkononi kibuyu chetu.

"Mama, nimekurudishia mbegu yenu," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitia hofu. "Sitakuwa hapa. Ninaenda kwetu, Buleusa. Mama yangu hajisikii muzuri."

Safari ya Buleusa ni ya siku kadhaa, ya milima na msitu, na watoto wawili, mvua imeanza. Na nyuma yake, huko juu majani yanapoanzia, niliona mtu amesimama na fimbo ya kuchungia. Shemeji alikuwa amekuja mapema kuangalia shamba litapandwa ama halitapandwa.

Mama alipokea kibuyu chetu akakiweka chini bila kukitazama. "Na kibuyu yako?" akauliza.

"Kiache tu. Nitakuja kukichukua."

"Hapana, dada, kamata." Mama alikuwa ameshakishusha. Mimi nilikuwa nimeuma kanga ya mama nisije nikasema. "Kamata, lakini unisamehe. Nimekuchungia vibaya. Panya wameguguna mudomo."

Mjane alikuwa amekwisha kugeuka aondoke. Akasimama.

"Panya?"

"Panya. Paka yetu iko muvivu, unamujua. Kila siku wanakuja juu ya hii kibuyu yako. Nimechoka kuwafukuza."

Akarudi. Akakishika kibuyu, hakukitikisa. Akapitisha kidole pole pole juu ya ukingo, kwenye alama za meno, moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayesoma. Mtu aliyeishi kwenye nyumba ya majani hahitaji kuelezwa panya anapenda nini. Nilimwona akifika kwenye alama ya kidole chenye kovu. Akainua macho kumtazama mama.

"Hii ni nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Njo ile uliniletea," mama akasema.

Mjane alitua mkeka. Hakulia, alikaa tu juu ya ule mkeka pale uani, kibuyu mapajani, na mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka akaanza kuchezea jani la mgomba. Kisha akasema, "Kumbe safari inaweza kungoja." Mama akasema ndiyo, safari inangoja, mvua ndiyo haingoji. Wakashuka pamoja shambani, na wanawake wengine wakawakuta huko.

Kibuyu kilipofunguliwa mbele ya watu, maharage yalitoka mekundu, meupe, yenye madoadoa, yote yaliyopita katika chungu chetu miezi miwili. Mwanamke mmoja akasema, "Hee, mbegu yako imechanganyika!" Mjane akajibu kwamba marehemu mume wake ndiye aliyependa hivyo. Wakacheka. Huko juu yule shemeji alikaa mpaka mistari ilipofika nusu ya shamba, kisha akawafuata ng'ombe wake. Shamba lile halikurudi kwao kamwe. Mtoto aliyechezea jani la mgomba ndiye aliyelirithi.

Mimi sikwenda kupanda siku hiyo, niliachwa nyumbani na kibuyu chetu. Mama alikuwa amesema nikifungue nianze kupepeta majivu. Nilikaa nacho mlangoni. Zibo lilikuwa lile lile aliloliweka mama baada ya mavuno, limekauka na kupasuka kidogo, pembeni panya wa kule nao wameguguna, na katikati kidole chenye kovu kikiwa kizima. Miezi yote ile ya matembele hakuna mkono uliolibandua. Hata yule mtoto mkubwa, aliyekuwa akila huku akikitazama, hakuligusa.

Mama aliporudi jioni alinikuta bado sijakifungua. Nikamwonyesha alama yake. Akaitazama, akakaa kando yangu na matope yake miguuni, akalia kwa sauti, mama yangu ambaye hata kwenye matanga hakulia. "Nyumba yetu ina chakula," akasema alipoweza kusema, "na cha wenzetu tulifungua, watu wawili."

Halafu akajifuta uso, akaniambia nilete ungo, maana kesho yake ilikuwa zamu ya shamba letu.